Matairi Laini ya Mzee Kona

"Hayo siyo matairi, hayo ni viatu vya shule!" mzee alifoka, akalipiga teke tairi lililokuwa karibu naye, likabingirika mpaka likagonga kabati la vilainishi. "Nimesema nataka matairi ya kukimbilia. Wewe unaniletea ya kubebea viazi!"

"Baba, punguza sauti, kuna wateja."

"Wateja wasikie! Wasikie jinsi fundi mkubwa anavyomtunza baba yake mzazi!"

Wateja wenyewe walikuwa mwanamke mmoja aliyekuja kuziba pancha na jamaa mmoja wa teksi, na wote wawili walishaacha simu zao, wanatazama sinema ya bure. Presha alihisi masikio yanawaka moto. Mtu mzima, ana ndevu zake, ana ovaroli lenye jina la duka mgongoni, lakini baba yake akipaza sauti tu, anarudi kuwa mtoto aliyevunja glasi.

Walimwita Presha kwa sababu hawezi kupita karibu na tairi bila kulibonyeza. Liwe la baiskeli, liwe la toroli, atainama, atabonyeza, atatikisa kichwa kama daktari. Baba yake walimwita Kona. Hilo halina haja ya maelezo kwa yeyote aliyemwona enzi zake kwenye uwanja wa mashindano, anaingia kona ambayo wenzake wanakanyaga breki, yeye anakanyaga mafuta. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji ule walijifunza kwake, na nusu iliyobaki wanadanganya kwamba walijifunza kwake.

Gari lake lilikuwa juu ya lifti, pale nyuma yao. La njano, viti viwili, la chini kiasi kwamba ukitaka kuingia ni kama unajimwaga kwenye shimo. Magurudumu yote yalikuwa yameshafunguliwa, na gari linaning'inia pale peku, linatia huruma.

Chini sakafuni Presha alikuwa amepanga matairi ya aina mbili, yote ya saizi ya gari lile, mapana nyuma na membamba kidogo mbele. Upande wa dirishani yale laini, meusi tii, yenye mifereji michache, yale ambayo ukiyagusa na kiganja unahisi kama yanataka kukushika mkono. Upande wa kabati yale magumu. Na yeye alikuwa anapigania magumu kufa na kupona.

"Mzee, nisikilize," alisema, akijaribu ile sauti ya kuongea na wateja wabishi. "Haya laini ni mazuri uwanjani. Barabarani yanaisha haraka. Halafu mvua ikinyesha..."

"Unanifundisha mvua? Mimi?"

"Sikufundishi, baba."

"Mwalimu hapa ni nani?"

"Wewe."

"Haya. Leta mkono." Mzee Kona alichuchumaa mwenyewe, magoti yakalia, akapapasa mpaka akapata tairi gumu, akalichoma kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuingia. Akahamia kwenye lile laini, akachoma, ukazama kidogo ukaacha alama. "Umeona? Hili lina uhai. Hilo lako ni jiwe. Hilo likiingia kona kwa mwendo wa baiskeli tu linaanza kupiga kelele, mtaa mzima unajua unapita."

Presha hakujibu. Na kule kutojibu ndiko kulikomponza, maana mzee aliganda pale alipochuchumaa, kidole bado kiko kwenye mpira, halafu akainuka taratibu.

"Ahaa," alisema. "Ndiyo maana yake. Unataka yalie. Unataka watu wanisikie nakuja wakimbie." Akacheka, lakini ni kicheko cha mtu aliyepigwa tumboni. "Unanifunga kengele shingoni kama mbuzi."

Jamaa wa teksi alicheka, akidhani ni utani. Presha alitamani sakafu ipasuke immeze na yeye na matairi yake.

Kwa sababu mzee alikuwa amepatia, neno kwa neno. Tairi laini linashika barabara kimya kimya, linakubembeleza, unaona wewe ni mfalme, na siku likichoka kushika linaachia bila kuaga. Lile gumu halijui kukaa kimya. Linalia mapema, kabla mambo hayajaharibika, na dereva anaogopa, na anayevuka barabara anageuza shingo. Presha alikuwa amelala na wazo hilo, akaamka nalo, akaliona ndilo pekee alilobaki nalo.

Maana mambo yote mengine walishayamaliza. Mzee alianza kulalamika kitambo kwamba gari linavuta kushoto. Akipita uchochoro linakwangua ukuta, akiegesha linapanda ukingo. Basi familia nzima ikakaa chini, na hakuna hata mmoja aliyesema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakiona. Mzee alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Mzee alikuwa ameamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, "Karibu bwana, kaa," na wao wakacheka wakasema baba ana vituko. Mambo ya macho wangeyatamkaje? Mtu aliyewafundisha watu barabara, unamwambiaje haoni barabara? Wakaona heshima ni kulisingizia gari. Shemeji akasema ni shokapu, zikabadilishwa. Mama akasema barabara za siku hizi zimejengwa zimeinama. Mwingine akasema usukani. Na Presha ndiye aliyekuwa mwongo kuliko wote, kwa sababu yeye alikuwa na mashine. Alilipandisha gari kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima kama magurudumu yamenyooka, mashine ikamwambia kila kitu kiko sawasawa, kijani tupu kwenye kioo, na yeye akamgeukia baba yake akasema, "Kweli mzee, lilikuwa limetoka kidogo. Nimelirudisha." Baba yake akampiga begani kwa furaha. Akafanya hivyo tena. Na tena.

Sasa palikuwa hapajabaki cha kusingizia ila matairi.

"Nimemwita dada yako," mzee alisema, akijifuta vidole kwenye suruali. "Aje aamue. Wewe umeshindikana."

Dada mtu alikuwa na cherehani yake mtaa wa pili. Aliingia bado ana futi ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye nywele, anahema.

"Jamani, kelele zenu nimezisikia toka kwenye duka la vifungo. Kuna nini?"

"Muulize ndugu yako. Nimekuja kama mteja, nafukuzwa kama mwizi."

"Mfungie anayotaka," Dada alisema bila hata kuuliza ni yapi.

Presha alimshika kiwiko, akamvuta mpaka nyuma ya mashine ya balansi, ile ya kusawazisha magurudumu, pale kwenye ndoo ya maji ya sabuni wanayotafutia matundu.

"Unajua unachosema?"

"Najua. Na wewe unajua najua. Sasa?"

"Sasa unataka nimwekee matairi ya mashindano mtu ambaye jana kasalimia friji?"

"Usinichekeshe, sina hali hiyo." Hakuwa anacheka kweli. "Sikiliza, mdogo wangu. Wewe huishi nyumbani. Mimi naishi. Mzee asubuhi akiamka anagonga meza, anagonga mlango, anamwaga uji, anatukana. Akishaingia kwenye lile gari ananyooka. Mgongo unanyooka, sauti inarudi. Ukimtoa mle ndani, unampeleka moja kwa moja kitandani, na kitandani haamki. Unataka hiyo?"

"Na mtoto?"

Dada akatazama kwenye ndoo.

Mtoto ni wake, binti wa darasa la kwanza. Kiti cha pili cha lile gari kilikuwa cha mtoto huyo. Kila asubuhi babu yake anamwita, "Mchumba wangu, twende, tumechelewa harusi," na mtoto anakimbia na begi linaloburuta, anapelekwa shule kwa gari la njano wenzake wanaliona kama ndege.

"Anaenda polepole akiwa naye," Dada alisema.

"Nani kakuambia?"

"Yeye."

"Njoo uone kitu."

Magurudumu ya zamani yalikuwa yameegemezwa ukutani, bado yana rimu zake. Hata mtu asiyejua chochote angeona. Yale ya kulia yalikuwa yamechakaa kistaarabu, kila mahali sawa. Yale ya kushoto yalikuwa yameliwa ubavuni, mpira umekwanguliwa mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Gari linalovuta upande halili tairi hivyo. Linakula chini, pale panapogusa lami. Hapa ubavu ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa barabara, siku nenda siku rudi. Lakini Presha hakutaka kumwonyesha huo ubavu. Alilizungusha gurudumu la mbele la kushoto mpaka rimu ikatazama mwanga. Kwenye rimu palikuwa na mchirizi mrefu wa rangi ya bluu, mbichi bado, imevimba kidogo pembeni.

"Hii nimeikuta leo," alisema. "Wiki iliyopita haikuwepo, niliosha mwenyewe. Nimefikiria nimeshindwa. Wapi hapa mjini pana kitu kimepakwa bluu hii?"

Dada aliinama, akagusa ile rangi. Akakaa hivyo hivyo ameinama. Futi ikamtoka shingoni ikaanguka sakafuni na hakuiokota.

"Nguzo," mzee Kona alisema kutoka nyuma yao. Alikuwa amesogea bila wao kujua, anafuata sauti zao. "Niligusa nguzo. Kidogo tu."

"Baba," Dada alisema, sauti imekauka. "Wamepaka geti la shule rangi hii. Juzi. Lile dogo, wanaposimama watoto."

Mwanamke wa pancha aliangalia chini.

"Hapakuwa na mtu pale," mzee alisema.

"Ulijuaje?" Presha akauliza.

Swali lilitoka lenyewe. Hakulipanga. Mwaka mzima alikuwa amelimeza, na sasa lilikuwa limesimama katikati ya duka kama mgeni aliyeingia na viatu vyenye tope. Mzee alikuwa ametazama upande wa Presha, siyo usoni, kidogo pembeni ya sikio, kama anaongea na mtu aliyesimama nyuma ya mwanawe.

"Baba, siyo matairi," Presha alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Haikuwa shokapu, haikuwa usukani. Gari lako halijawahi kuvuta kushoto. Nilikudanganya. Mashine ilisema sawa kila siku. Ni macho, baba."

Alisubiri kofi. Kwa kweli alilitaka. Kofi lingekuwa jambo la kawaida, lenye mwanzo na mwisho.

"Mnafikiri sijui?" mzee Kona alisema.

Akatafuta kwa mkono, akapata rundo la matairi, akakaa juu yake.

"Katikati hamna kitu," alisema. "Pembeni naona. Naona meza, nikiitazama tu, inaondoka. Wewe hapo ninaona mabega na masikio. Sura yako sijaiona tangu ulipoanza kufuga hizo ndevu wanazoniambia unazo." Akajaribu kucheka. "Wanasema zimekukaa vibaya."

"Sasa kwa nini hukusema?" Dada alikuwa anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokitoa mfukoni. "Mwaka mzima, baba!"

"Niseme nini? Nilikuja kwenu nikasema gari linavuta. Nilijua haliwezi kuvuta, nimelishika usukani zaidi ya nilivyomshika mama yenu. Nikasema ngoja nione watanijibu nini. Mkasema, ndiyo, ni gari. Wote! Mwenye mashine akasema ni gari." Alielekeza kidole, kikakosea kidogo. "Nikafikiri, basi kumbe huenda mimi mzima. Unajua raha yake? Kila mkibadilisha kitu, napata siku kadhaa za kuamini. Mlinipa nyinyi. Sikuomba."

Presha alikuwa amejiandaa kwa baba asiyejua. Baba asiyejua unaweza kumwambia, akajua, mkalia, mkaanza upya. Huyu aliyekaa juu ya matairi hakuwa na mahali pa kuambiwa.

"Mtoto asipande tena," hatimaye alisema.

"Hatapanda."

Ikawa imetoka haraka mno. Bila ubishi, bila "mjukuu wangu mimi," bila hata kuvuta pumzi. Presha alimtazama Dada, na Dada alimtazama yeye, na wote wawili wakaelewa jambo moja kwa pamoja: mzee alishaamua kabla ya kuja. Alishalipima geti lile kichwani mwake, akampima mtoto na geti, akaona. Kwa hiyo alijua kabisa. Na bado alikuwa amekuja kuchagua matairi.

"Basi imekwisha," Presha alisema, akinyoosha kiganja. "Nipe ufunguo, baba. Nitalishusha, nitalipeleka nyumbani mwenyewe, utalikuta pale pale. Utaingia, utakaa, utawasha."

"Kulikalia kama kochi?"

"Nitakuendesha. Popote. Asubuhi, jioni."

"Wewe unaendesha kama unabeba mayai." Mzee hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililotisha. "Mwanangu, nyumbani mimi ni mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Mle ndani hakuna anayenishika mkono. Gea iko pale ilipokuwa siku zote. Haijahama. Vitu vyote duniani vimehama ila mle ndani."

"Na wanaovuka barabara je?"

Presha alimwona baba yake akilitafuta jibu zuri, mwalimu aliyekuwa anawapigia wanafunzi kelele mpaka wanalia, simamisha, mpishe mama, mpishe mtoto, barabara siyo ya baba yako.

"Watu wana macho yao," mzee alisema.

Dada aliguna kama aliyechomwa sindano. Presha alihisi kitu kifuani kinaishiwa upepo, taratibu, bila tundu la kuziba.

"Dada, sema neno."

"Niseme nini?" Alikuwa ameokota futi yake, anaikunja, anaikunjua. "Mtoto hapandi. Mimi hilo tu ndilo ninaloliweza. Utakwenda kumshtaki baba? Utasimama mbele ya askari useme mkamateni huyu? Haya, nenda. Nitakushikia koti."

Hakuenda. Wote walijua hataenda. Hata jamaa wa teksi alijua, alikuwa ameshageukia simu yake.

Mzee Kona aliinuka, akavuta shati likae vizuri. "Nifungie yale laini."

"Sifungi."

"Jeki!"

Jeki alikuwa fundi mwenzake Presha, jitu kubwa la watu, anayeweza kubeba gurudumu kila mkono kama anabeba sahani. Muda wote alikuwa amejificha nyuma ya gari akijifanya anafagia. Sasa alitokeza, ufagio mkononi.

"Naam, mwalimu."

"Nani alikufundisha kurudi nyuma kwa saidi mira?"

"Wewe, mwalimu."

"Nifungie."

Jeki alimtazama Presha, uso wote unaomba msamaha. "Ndugu yangu, nikikataa ataenda pale ng'ambo. Unajua wanavyofunga wale. Bora tumfungie sisi, vizuri."

Bora tumfungie sisi, vizuri. Presha aliyasikia maneno hayo na hakuweza kuyapinga. Ndiyo maneno yale yale waliyokuwa wanaambiana mwaka mzima, kwa maneno mengine. Bora tubadilishe shokapu. Bora tumpe moyo. Bora, bora, mpaka gari likafika kwenye geti la watoto.

Jeki alilaza gurudumu la kwanza kwenye mashine, akalivua tairi la zamani, akachukua tairi laini, akapaka sabuni ukingoni, akalibana. Mashine ikaanza kuzunguka, mpira ukaanza kumezwa na chuma kwa ile sauti yake ya kunyonya. Mzee alikuwa ametega sikio, kichwa kimeinama upande, anasikiliza kama watu wanavyosikiliza wimbo. Presha alikuwa amegeukia ukutani. Alijiambia hatatazama. Lakini jicho la fundi halina bwana, likateleza lenyewe, likaona.

"Geuza, Jeki!" alipayuka. "Umeliweka ndani nje! Upande wa nje utazame nje, hilo halina mshiko ukilifunga hivyo, litamtupa kwenye kona ya kwanza!"

Na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshasukuma lile jitu pembeni, mkono mmoja kwenye mpira, mwingine kwenye swichi, anatoa, anageuza, anapaka sabuni upya, anabonyeza bega la tairi kwa kiwiko mpaka likaingia likakaa. Alijaza upepo. Tairi likapiga mlio wake, pa, pa, likashika rimu. Lilikuwa limekaa vizuri. Lilikuwa limekaa vizuri sana.

"Mmesikia?" mzee Kona alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, mdomo wote, akiwatabasamia Dada na Jeki na kabati la vilainishi. "Ndiyo maana nilikuja kwako, mwanangu. Hakuna mtu anayelikalisha tairi kama wewe."

Presha aliitazama mikono yake. Ilikuwa na sabuni mpaka viwikoni. Matatu yalikuwa yamebaki pale dirishani, yanangoja, na mikono ilikuwa tayari inajua la pili litaanzia wapi.

Alifungua zipu ya ovaroli. Aliivua palepale, mguu mmoja, mguu mwingine, akabaki na fulana na kaptura mbele za watu, akaiweka juu ya mashine ya balansi. Dada alimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki anayelitumia. Hakugeuka.

"Anaenda wapi?" mzee aliuliza, akiyatazama masikio ya Jeki. "Presha? Yuko wapi?"

Presha alipita katikati ya matairi magumu aliyoyachagua yeye, akavuka kizingiti, akauvuta mlango wa kioo nyuma yake mpaka ukafunga.